Pindo la Kumi Ukutani

Jumanne, 12 Novemba

Nimechoka, na msimu haujaanza.

Leo asubuhi mama mkwe amefanyiwa upasuaji wa goti. Namwombea apone, kwa kweli, lakini hakuweza kusubiri wiki mbili? Goti limemuuma miaka sita! Yeye ndiye hukaa na Aili kila Novemba mimi nikienda kuwinda. Mke wangu Marlys yuko zamu hospitalini wiki nzima. Akanywa kahawa yake, akasema bila hata kuniangalia kwamba niamue mwenyewe: niende na mtoto, au nibaki na mtoto. Nikamwambia mtoto ana miaka mitano. Akasema anajua, alikuwepo siku anazaliwa.

Nikaenda gereji, nikapiga teke tairi la pikapu. Kidole gumba cha mguu kimevimba.

Na mwaka huu si wa mchezo. Ngoja niandike mambo yalivyo, ili nikifa kwa presha watu wajue chanzo. Kambini kwa baba mkwe wangu, Mzee Urho, kuna desturi. Ukimfyatulia kulungu ukamkosa, jioni unasimama katikati ya chumba, Mzee anakukata pindo la nyuma la shati ulilovaa, analipigilia ukutani kwa msumari, na jina lako chini yake. Ukuta ule una mapindo yangu tisa. Miaka tisa, mapindo tisa! Mwaka jana, mbele ya watu wote, Mzee akatamka kwamba likipanda la kumi, Darrel, yaani mimi, anatoka dunguni anahamia jikoni, na dungu linakwenda kwa Brent.

Dungu lenyewe ni kibanda cha mbao kilichoinuliwa juu ya miguu minne, pembeni mwa kinamasi cha mierezi. Alilijenga marehemu baba yangu, Ahti, kwenye ardhi ya Mzee Urho, rafiki yake, kabla mimi sijamjua Marlys. Mpaka leo ndani mnanukia tumbaku yake. Brent ni mwanyumba wangu, kamwoa dada yake Marlys. Anatoka kule kusini, ng'ambo ya lile daraja kubwa, na watu wa huko sisi wa kaskazini tunawaita watu wa chini ya daraja. Yaani baba yangu apigilie kila msumari kwa mkono wake, halafu aje kukaa humo mtu wa chini ya daraja!

Haiwezekani. Lazima nipate kulungu.

Jioni. Nimefikiri nikiwa na barafu kidoleni. Mtoto si kikwazo. Mtoto ni silaha! Mzee Urho atamkata mtu shati mbele ya mjukuu wake wa pekee? Hathubutu.

Jumatano, 13 Novemba

Mazoezi ya kunyamaza. Nimemkalisha Aili kwenye kiti sebuleni, mimi kwenye kiti kingine, nikamwambia sisi tuko dunguni. Sharti ni moja: hakuna kusema neno. Hata moja. Hata nyumba ikiungua. Nikamweleza kwa nini kulungu ana masikio makubwa, nikamweleza habari za upepo, nikamweleza habari za babu yake Ahti aliyewahi kukaa saa saba bila kukohoa. Aili akainua kidole kuniuliza kama mchezo umeanza. Nikasema umeanza zamani.

Alikaa dakika arobaini. Hakuchezesha hata unyayo. Matokeo yangu mimi siyaandiki, nina mafua.

Nimenunua karoti za chambo. Sheria inaruhusu galoni mbili, nami nimepima galoni mbili kamili kwa ndoo. Sipendi ugomvi na mtu wa wanyamapori. Nyingine nimeziacha kwenye gunia nyuma ya pikapu, za akiba.

Ugomvi wa mabawa. Aili ana mabawa ya kipepeo, ya waridi, aliyoyavaa sikukuu ya maboga watoto wanapojigeuza vituko, na anataka kwenda nayo kuwinda. Nikakataa. Akasema basi haendi. Nikamwambia vizuri, asiende. Marlys akapita na sare yake ya kazi, akasema asipokwenda yeye, najua ni nani mwingine haendi. Tumepatana: mabawa yanavaliwa chini ya kizibao cha rangi ya machungwa. Anaonekana ana kibiongo. Nimechoka kabisa.

Alhamisi, 14 Novemba

Tumefika kambini saa nane mchana. Brent alishafika. Bila shaka alishafika! Ana buti zenye betri. Ana hita ndogo ya gesi. Ana kamera aliyoifunga kwenye mti inayomtumia picha kwenye simu, yaani kulungu akipiga chafya Brent anajua. Akatoka kutupokea, akamwona Aili anashuka na kibiongo chake, akaniuliza, "Mwanyumba, safari hii umekuja na mlinzi?" Akacheka peke yake muda mrefu.

Mzee Urho hakucheka. Mzee Urho husema maneno kumi kwa siku, na saba huyamaliza kifungua kinywa. Alimtazama Aili, akatazama mabawa yanayotokeza, akasema, "Huyu atalala kitanda cha dirishani." Kitanda cha dirishani! Mimi nimelala karibu na jiko linalovuja moshi miaka yote tisa.

Aili akaenda moja kwa moja ukutani. Akaanza kuhesabu vile vitambaa kwa sauti, kwa kidole. Moja, mbili, tatu. Alipofika tisa akauliza mbona vyote vina jina moja. Nikamwambia anywe maziwa. Brent akamwambia, "Nitakueleza mimi, mama. Baba yako ana roho nzuri mno, hapendi kuwadhuru wanyama."

Halafu nikaona kitu cha kunikata maini. Nilipokwenda kumwaga karoti, nikamkuta Brent chini ya dungu la baba yangu na futi ya chuma. Anapima! Nikamuuliza anapima nini. Akasema anaangalia tu kama dirisha lake la kioo litaingia, nisijali, hana haraka. Nikajibu kitu kikali sana. Kimenijia saa hizi ninapoandika; pale nilisema tu "Haya."

Ijumaa, 15 Novemba

Siku ya kwanza ya msimu. Shule zote zimefungwa, kama kila mwaka, na mwalimu wa Aili mwenyewe yuko msituni na bunduki.

Tuliamka saa kumi na moja alfajiri. Kumvisha mtoto kulichukua dakika arobaini. Soksi mbili, suruali tatu, sweta, mabawa, koti, kizibao, kofia yake ya machungwa yenye pompomu, kile kifundo cha sufu utosini. Nilipofunga kifungo cha mwisho akaniambia kwa upole kwamba ana haja ndogo.

Saa kumi na mbili na nusu tuko dunguni. Giza na baridi ya kukata masikio. Nikamkumbusha sharti la kunyamaza. Nikamnong'oneza kwamba ukimya ndio kila kitu, kwamba wawindaji wengi hushindwa kwa sababu ya domo, kwamba Brent asingekuwa na zile buti asingefika popote, kwamba dungu hili ni la babu yake na tukilikosa sijui nitauweka wapi uso wangu. Nikafungua pipi ya kikohozi. Nikafungua nyingine. Karatasi zake siku hizi zina kelele. Nikamweleza na hilo.

Kulipopambazuka nikafumba macho kidogo tu, kuyapumzisha.

Nikaguswa goti. Aili ananitazama. Akaninong'oneza, "Baba, wameshaondoka."

Nani?

"Wale watatu. Mmoja alikuwa na pembe. Walikula karoti, halafu ukakoroma, wakaondoka."

Watatu! Nikamuuliza, kwa sauti ndogo niliyobakiwa nayo, kwa nini hakuniamsha. Akasema niliagiza asiseme neno, hata nyumba ikiungua. Sasa wameondoka, ndiyo maana anasema. Masikini mimi, nilimfundisha mwenyewe! Na hakuwa amekosea popote, ndilo lililoniuma zaidi.

Saa moja na nusu ukalia mlio mmoja upande wa Brent. Mmoja tu. Dume, pembe zenye ncha nane. Chakula cha mchana kizima alikuwa anasimulia upepo ulivyokuwa. Mzee Urho akampa mkono. Mimi sijapewa mkono na Mzee Urho tangu harusi.

Jumamosi, 16 Novemba

Mpango mpya. Ishara za goti! Kugonga mara moja, kulungu jike. Mara mbili, dume. Hakuna maneno, hakuna kisingizio. Nilijisifu usiku kucha kwa akili hii.

Asubuhi Aili aligonga mara moja. Kindi. Akagonga mara moja. Ndege. Nikamweleza kwamba kindi si kulungu. Akagonga mara tatu. Nikamuuliza tatu ni nini, hatukupatana tatu. Akasema tatu ni njaa. Tukala pasti zetu, ile mikate iliyojazwa nyama na viazi, saa mbili na nusu asubuhi, na chakula kikaisha.

Theluji imeanguka nene. Mchana nilijilaza, Aili akabaki nje na babu yake. Nilipotoka, nilikuta karibu na sauna, kile kibanda chetu cha kuogea mvuke, mtu wa theluji mrefu kuliko mimi. Pua ya karoti. Vizuri, watoto ni watoto. Macho ya karoti. Vifungo vya karoti. Vidole kumi vya karoti. Nywele! Kichwa kizima kimesimama karoti! Nikakimbilia dunguni na kile kidole changu kibovu. Chambo chote kimechimbuliwa kwenye theluji, galoni mbili, hakuna hata kipande. Mzee Urho ndiye aliyembebea ndoo!

Nikamgombeza Aili. Nikasema mambo mengi, baadhi yake yalikuwa yamwendee Brent. Brent mwenyewe amesimama mlangoni anakula tufaha. Aili alilia. Ila alilia bila sauti, mkono mdomoni, kwa sababu nilimwambia huku msituni hakuna kupiga kelele.

Niliona haya. Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma: niliona haya sana. Nikampa nusu ya pasti yangu ya jioni. Akaila kimya, akanirudishia vipande vya tanipu, mboga asiyoipenda.

Jumapili, 17 Novemba

Niandike kwa utaratibu.

Asubuhi dunguni hamna kitu, na kwa nini kuwe na kitu, karoti galoni zote mbili ziko kwa mtu wa theluji, na sheria hainiruhusu kumwaga za akiba juu yake. Baada ya chakula cha mchana Mzee Urho na Brent walichukua dume la Brent kwenda mjini kulitundika kwenye boriti ya uwanjani, watu walione, wapige picha, wamsifu. Mimi nikawasha sauna. Nikasema potelea mbali, angalau mgongo upate joto. Mimi benchi la juu, Aili benchi la chini na kibakuli chake cha maji.

Nilikuwa namweleza jinsi mwaka ujao nitakavyokuwa napika maharage. Akanigonga goti. Mara mbili. Nikamwambia maji yako kwenye ndoo. Akagonga tena mara mbili, kwa nguvu, akanionyesha kidirisha.

Salaale!

Dume. Si dume kama la Brent, dume mwenye shingo ya ng'ombe! Amesimama mbele ya mtu wa theluji, anamla vidole. Kimoja kimoja, bila haraka.

Nikamtoa Aili kwenye mvuke, nikamkalisha chumba cha kubadilishia nguo, ndani ya blanketi, nikamwambia azibe masikio na asitoke. Mimi nikatokea mlango wa nyuma, taulo kiunoni, miguu mitupu kwenye theluji, hadi kambini kuchukua bunduki. Nguo? Nguo zangu zina vifungo kumi na saba! Lakini sheria inamtaka mwindaji avae rangi ya machungwa, na mimi ni mtu wa sheria. Nikachukua kilichokuwa karibu kwenye msumari. Kofia ya Aili, ile yenye pompomu. Ilinikaa utosini.

Nikapiga goti kwenye kona ya nyumba ya kambi. Nyuma ya dume kuna kilima, sauna iko kushoto kabisa, kila kitu salama. Hatua thelathini. Hata mama mkwe na lile goti lake asingekosa! Dume akainua kichwa, pua ya mtu wa theluji iko mdomoni mwake, akanitazama. Nami nikaona kwa pembe ya jicho kidirisha cha sauna, na uso wa Aili. Mikono masikioni, mdomo ameubana, macho mawili makubwa. Alikuwa ananiamini. Niliona wazi kabisa kwamba ananiamini. Ndipo mikono ikaanza kutetemeka, taulo likaanza kulegea, na mimi nikafyatua.

Kichwa cha mtu wa theluji kikatawanyika. Karoti zikanyesha uwanja mzima.

Dume hakukimbia hata. Aliondoka kwa miguu.

Aili akatoka na blanketi lake. Akatazama kiwiliwili kisicho na kichwa, akanitazama mimi, akanishika mkono akasema si kitu, tutamtengenezea kingine. Na hapohapo, kwa kuwa Mungu ananijua kwa jina, pikapu ya Mzee Urho ikaingia uwanjani. Taulo lilikuwa limeshaanguka.

Jioni. Mzee akatoa mkasi. Nimekaa, kichwa changu kinafanya kazi kuliko kilivyowahi kufanya. Na nikaliona! Desturi inasema anakatwa shati alilovaa alipokosa. Mimi nilivaa shati gani? Sikuvaa! Hakuna shati, hakuna pindo. Hakuna pindo, hakuna la kumi. Dungu linabaki kwangu! Nikasimama nikalieleza hilo vizuri, kwa hoja, dakika kama ishirini.

Brent akapiga meza. Akasema basi likatwe taulo. Nikamwambia ukuta ule ni wa mashati, ukianza na mataulo utaishia wapi? Akasema ikatwe pompomu. Nikasema pompomu ni mali ya mtoto. Mzee Urho alikuwa anakula pasti. Aliila yote, tumesimama tunamngoja. Halafu nikaharibu. Nikaongeza kwamba isitoshe, sikuwa namlenga kulungu. Nilikuwa nalenga mtu wa theluji, na nilimpata barabara kichwani.

Mzee akaweka uma. Akamgeukia Aili, akamuuliza baba yake alikuwa analenga nini.

Aili alikuwa na gauni lake la kulalia la flaneli, lenye picha za stroberi. Nikamkonyeza. Nilikuwa nimemwahidi chokoleti, nakiri. Akasema polepole, "Baba alilenga kulungu. Alikosa. Lakini mikono ilikuwa na baridi."

Kisha akashuka kitini, akaenda katikati ya chumba, akageuka, akashika pindo la nyuma la gauni lake akalivuta. Akasema, "Baba hakuwa na shati. Kata langu."

Na mimi nilinyamaza. Hilo ndilo linalonikera hadi sasa. Siku nne nimeshindwa kunyamaza, na pale nilipotakiwa kusema, nilinyamaza. Muda wa kuhesabu hadi tano. Nilikuwa napiga mahesabu: pindo lake si langu, dungu linapona!

Halafu nikaona miguu yake na zile soksi mbili, nikashindwa. Nikavua shati, nikampa Mzee. Nikamwambia akate la kwangu, amwache mtoto. Mzee akakata la kwangu. Aili akasema na lake. Nikasema hapana. Akasema yeye ndiye aliyegonga goti, kwa hiyo na yeye amekosa. Mzee akapiga magoti, miaka sabini na minane ile, mifupa ikalia, akamkata kipande kidogo sana, stroberi moja. Akakipigilia pembeni mwa la kumi. Akaandika AILI.

Jumatatu, 18 Novemba

Kifungua kinywa. Mzee Urho akasema sheria ni sheria. La kumi limepanda. Dungu limenitoka.

Nilijua, lakini kujua na kusikia ni mambo mawili. Nikatazama uji wangu. Brent alishatoa ile futi yake, ameiweka mezani kando ya siagi.

Mzee akaendelea, na alikuwa ameshavuka maneno yake kumi ya siku. Akasema mwaka jana alimtaja Brent kwa kuwa hapakuwa na mwingine. Sasa mwingine yupo. Ana pindo ukutani, kwa hiyo ni mtu wa kambi kama mtu yeyote. Amekaa dunguni siku tatu kimya. Ameona kulungu kuliko sisi sote. Ahti alilijenga kwa mkono wake, na huyu ana masikio ya Ahti. Dungu ni la Aili.

Nikasema natoka kuangalia matairi. Nikasimama nyuma ya pikapu, nikalia. Nililia hasa, kwa makamasi, baridi ile. Sijui nililia kushindwa au nini. Nilimkumbuka baba yangu.

Nilivyorudi Brent alikuwa anamwonyesha Aili hita yake, anamweleza inavyowaka kwa kidude kimoja tu. Mshenzi huyu hapotezi muda! Mzee akamuuliza Aili mwaka ujao atakaa na nani dunguni. Aili akaitazama hita. Akaitazama kwa muda ambao sikuupenda. Akanitazama mimi.

"Baba anaweza kuja," akasema. "Lakini asiongee."

Brent alicheka hadi akatoka nje. Nikamwambia Aili kwamba hilo ni sharti la ajabu, kwamba katika hali fulani kuna haja ya maelezo, na kwamba mimi kwa kawaida ni mtu mkimya sana. Mzee Urho akaomba chumvi.

Jumanne, 19 Novemba

Nyumbani. Marlys ameliona gauni. Akauliza. Nikamweleza. Alikaa na lile gauni mapajani kitambo, akipitisha kidole pale palipokatwa. Nikamwambia atafute uzi tu, litashonwa. Akasema nikiligusa na sindano nitalala gereji.

Nimechoka, lakini akili iko kazini. Tuseme ukweli: mwenye dungu ni mtoto wa miaka mitano. Anajua kusoma jina lake tu. Anataka mtoto wa mbwa tangu Pasaka. Sasa kama mtu angeandika mkataba mfupi, wa haki kabisa, dungu kwa mbwa, akamsomea vizuri, akatia sahihi kwa kalamu ya rangi, ni nani angepinga? Brent? Na apinge!

Nimeuandika. Vifungu saba. Mchana huu nimemkalisha Aili mezani jikoni, karibu na dirisha, nikaanza kumsomea na kumfafanulia. Kifungu cha kwanza, maana ya dungu. Kifungu cha pili, maana ya mbwa.

Akanigonga goti mara mbili. Nikamwambia asubiri, tuko kifungu cha tatu, na hiki ndicho chenye uzito.

Akagonga tena. Mara mbili. Nikamwambia mtu mzima akizungumza hakatizwi, na kwamba kama ni maji, maji yako bombani. Akanyamaza. Akaweka mikono mapajani akatazama nje, kimya, kama nilivyomfundisha. Nikamaliza vyote saba, na kile cha sita nikakirudia.

Nilipoinua kichwa, gunia la karoti za akiba nyuma ya pikapu limechanwa, tupu, na kwenye theluji kuna nyayo pana kama kiganja changu. Zimezunguka pikapu mara mbili, zikapita mbele ya dirisha, zikaingia msituni. Bunduki iko ukutani, hatua nne. Msimu bado siku kumi na moja.

"Alikuwa na ncha kumi," akasema Aili. "Nimehesabu mara mbili, ulikuwa bado unasoma."

Mkataba hakuutia sahihi. Amechora juu yake kulungu, na pembeni mtu mwenye mdomo mkubwa.

Sikubali. Kesho naanza kumfundisha huyu mtoto kusema.